Kundelungu: Nani atalipa mazuti na mishahara ya walinzi wakati wafadhili wanafunga mifuko?

Katika Mbuga ya Taifa ya Kundelungu, kazi ya Januari inaamuliwa Juni au Julai, tena mezani, si porini. Huko Lukafu, chini ya uwanda wa juu wa Kundelungu, kaskazini ya Lubumbashi, mvua inaanza kunyesha Novemba na haikatiki mpaka Aprili. Barabara za udongo zinageuka matope, na lori linaweza kulala njiani siku kadhaa. Mazuti, unga wa bukari kwa walinzi walio doria, dawa, vipuri vya gari: kile ambacho hakikufika kabla ya mvua, mara nyingi kinasubiri kiangazi kirudi.

Ili vitu hivyo vifike kwa wakati, pesa lazima ziwe zimeingia kwenye akaunti mapema, bei ziwe zimelinganishwa, na bidhaa ziwe zimenunuliwa Lubumbashi na kupakiwa. Pesa za mfadhili zikichelewa miezi mitatu, doria haicheleweshwi miezi mitatu tu. Inapotea msimu mzima.

Hilo ndilo jambo linalosahaulika katika mazungumzo kuhusu mbuga za Kongo. Watu wanazungumza juu ya majangili, makundi yenye silaha, makala na uchimbaji madini. Ni kweli, yote hayo yapo. Lakini tangu mwanzo wa mwaka 2025 swali limekuwa jingine: je, mbuga inayotegemea pesa za nje kwa sehemu kubwa inaweza kuendelea kusimama wakati wenye pesa hizo wanabadilisha mawazo?

Mbuga mbili, mzigo mmoja

Kundelungu iliundwa mwaka 1970. Jirani yake Upemba ni ya zamani zaidi, iliundwa 1939 wakati wa utawala wa Ubelgiji. Kwa miaka mingi sasa, mbuga hizo mbili za Katanga zinahesabiwa kama eneo moja kubwa la uhifadhi. Upemba peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 10,000, na ndimo wanamobaki pundamilia wa Kongo. Kundelungu inajulikana zaidi kwa maporomoko ya maji ya Lofoi, yanayoanguka kutoka zaidi ya mita 300, kati ya marefu zaidi barani Afrika.

Kwa sheria, mwenye mbuga ni serikali, kupitia Taasisi ya Kongo ya Kuhifadhi Mazingira, ICCN. Walinzi ni watu wa ICCN. Lakini kwa muda mrefu bajeti ya taifa haijatosha kuendesha mbuga, na vita vilivyoanza 1996 vilivunja hata kile kidogo kilichokuwapo. Katanga haikupona. Desemba 2012, mkuu wa mbuga ya Upemba aliuawa katika shambulio la Mai-Mai.

Kutokana na hali hiyo, Kinshasa ilikubali mbuga kadhaa ziendeshwe pamoja na mashirika ya kigeni. Garamba iko chini ya mkataba na African Parks tangu 2005. Virunga inaendeshwa na ICCN pamoja na Virunga Foundation. Salonga ilipata mkataba na WWF mwaka 2015, Upemba na Forgotten Parks mwaka 2017, Kahuzi-Biega na WCS mwaka 2022. Kwa kawaida mshirika ndiye anayetafuta pesa na kusimamia matumizi, na serikali inabaki na mamlaka ya sheria na ya walinzi.

Mtindo huo umeokoa mbuga. Walinzi waliokuwa bila sare wala redio wamepata vifaa, na juu ya mshahara wa serikali wanapata marupurupu, yale yanayoitwa primu. Lakini una udhaifu mmoja ambao haukuonekana sana mpaka 2025: mikataba ya uendeshaji ni ya miaka mingi, lakini pesa zinazoitekeleza zinakuja kwa mafungu ya miaka miwili, mitatu au mitano. Mbuga inaahidi kwa muda mrefu kitu ambacho mfukoni inacho kwa muda mfupi.

Mwaka wa mshtuko

Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ya kurudi kwake madarakani, rais wa Marekani Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Tarehe 1 Julai mwaka huo, shirika la USAID lilisimamisha kazi zake na kile kilichobaki kikahamishiwa wizara ya mambo ya nje. Kwa Afrika ya Kati hilo lilikuwa pigo kubwa. Tangu 1995 USAID ilikuwa na programu ya mazingira ya bonde la Kongo, inayojulikana kwa jina la CARPE, iliyosaidia mashirika mengi yanayofanya kazi ndani na kando ya mbuga.

Marekani haikuwa peke yake. Februari 2025 Uingereza ilitangaza kwamba msaada wake wa nje utashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027, ili pesa ziende kwenye ulinzi. Nchi nyingine za Ulaya zimechukua njia hiyo hiyo.

Hata mbuga ambayo haikuwa ikipokea dola moja kutoka USAID haiko salama. Shirika lililopoteza fungu lake la Marekani linakwenda kubisha mlango wa Umoja wa Ulaya, wa Ujerumani au wa matajiri wanaotoa pesa zao binafsi. Mlangoni hapo linakuta wengine wamekwisha kupanga foleni. Mbuga yenye sokwe, ambayo picha zake zinajulikana duniani kote, inaweza kupata nafasi ya mbele. Kundelungu, ambayo haina sokwe na ambayo watalii wachache wanaijua, inaanza ikiwa nyuma.

Ushindani huo unakuja wakati dunia imeahidi kinyume chake. Desemba 2022 huko Montreal, nchi zilikubaliana kulinda asilimia 30 ya ardhi na bahari ifikapo 2030, na nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 20 kwa mwaka kwa nchi zinazoendelea ifikapo 2025, na bilioni 30 ifikapo 2030. Kongo ilikuwa kati ya nchi zilizopinga usiku ule wa mwisho, ikisema mpango wa pesa haukuwa wazi. Wakati ule wengi waliona Kinshasa inachelewesha makubaliano bure. Leo wasiwasi wake unaeleweka vizuri zaidi.

Kazi isiyopigwa picha

Pesa zikifika, kazi ndiyo inaanza. Kusimamia fedha na shughuli za mradi wa wanyama pori mahali kama Lukafu hakufanani na kazi ya mhasibu wa ofisi ya mjini. Msimamizi huyo huyo anashika vitabu vya hesabu, stoki, magari, ununuzi, mishahara na uhusiano na wafanyabiashara wa Lubumbashi.

Chukua mazuti peke yake. Pipa moja lina lita 200. Gari la kazi kwenye barabara mbaya likinywa lita 20 kwa kilomita 100, pipa hilo linatoa kilomita 1,000 tu. Sasa fikiria lita kumi zinapotea kila wiki, kwa sababu pipa linavuja, au kuna anayeuza pembeni, au gari linatumika kwa safari zisizoandikwa. Kwa mwaka ni lita 520, yaani zaidi ya mapipa mawili na nusu. Hizo ni kilomita 2,600 za doria ambazo hazitafanyika, na hakuna jangili aliyehitaji kupiga risasi hata moja. Ndiyo maana daftari la gari, linaloandika kilomita za kutoka, kilomita za kurudi, lita na jina la dereva, ni chombo cha kulinda wanyama sawa na redio.

Kuna suala la mishahara. Tangu 2011 serikali ilianza kulipa watumishi wake kupitia benki. Mjini Lubumbashi hilo lilisaidia kuondoa watumishi hewa. Vijijini lilileta shida nyingine, kwa sababu benki hazikufuata watumishi huko, hadi shirika la Kikatoliki la Caritas likapewa kazi ya kufikisha mishahara ya walimu katika maeneo mengi ya mbali. Mlinzi anayefuata mshahara wake mjini anatumia siku za kazi na sehemu ya pesa zenyewe kwa usafiri. Mradi unaobeba noti kwenye gari unajiweka hatarini kwa wanyang'anyi. Kutuma kwa simu, kwa M-Pesa, Orange Money au Airtel Money, kunasaidia pale penye mtandao na pale ambapo mwenye kabini ana pesa za kutosha za kutoa siku hiyo. Walinzi wote wakilipwa siku moja, kabini za kijiji zinakauka. Msimamizi mwenye akili anagawanya malipo kwa siku tofauti.

Wakaaji wa Goma na Bukavu wanajua vizuri zaidi kuliko wengine maana ya kukosa benki. Baada ya M23 kuingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifungwa na miradi mingi ikajikuta na pesa kwenye akaunti lakini bila njia ya kulipa watu. Katanga haiko katika hali hiyo. Lakini funzo linahusu kila mradi wa mbali: njia ya pili ya kulipa inatayarishwa kabla ya ile ya kwanza kuziba.

Halafu kuna dola na faranga. Bajeti nyingi zinaandikwa kwa dola, lakini sokoni vitu vingi vinalipwa kwa faranga za Kongo. Kwa miaka mingi faranga ilikuwa ikishuka, na wenye dola walipata nafuu. Mwaka 2025 mambo yaligeuka. Dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa takriban faranga 2,800 ilishuka chini ya 2,500 katika miezi michache, na bei za sokoni hazikushuka kwa kasi hiyo. Mradi uliopanga dola 10,000 kwa matumizi ya faranga ulikuwa umehesabu milioni 28. Kwa kiwango cha 2,500 ulipata milioni 25. Milioni tatu ziliyeyuka bila mtu kuiba.

Juu ya yote kuna sheria. Kila mwajiri anapaswa kulipa mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS: asilimia 13 kutoka kwake na asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi. Tangu Januari 2024, mashirika yasiyo ya kutafuta faida katika nchi za OHADA, ikiwemo Kongo, yanapaswa kufuata mfumo maalum wa hesabu ulioundwa kwa ajili yao. Mfadhili naye ana masharti yake: bei tatu kwa kila ununuzi mkubwa, sahihi mbili, ukaguzi wa kila mwaka. Mwuza unga wa kijijini hana faktire yenye namba ya kodi. Msimamizi akifuata sheria bila kufikiri, ataagiza kila kitu Lubumbashi na kijiji hakitapata kitu. Akinunua kijijini bila utaratibu, mkaguzi atakataa matumizi hayo na mradi utarudisha pesa.

Pesa na haki za watu

Hesabu safi peke yake haimalizi mambo. Mwaka 2019, tuhuma kwamba walinzi wa mbuga, zikiwemo za Kongo, walipiga, walibaka na kuua wakaaji zilitikisa WWF, na Ujerumani ilisimamisha malipo yake kwa Salonga. Mwaka 2022 shirika la Minority Rights Group lilichapisha ripoti nzito kuhusu ukatili dhidi ya Wabatwa katika Kahuzi-Biega, na baadaye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kwamba haki za Wabatwa hao zilivunjwa.

Kwa msimamizi wa fedha hilo lina maana ya moja kwa moja. Namba ya simu ya malalamiko, mtu wa kuipokea, safari ya kwenda kuchunguza, mafunzo ya walinzi kuhusu haki za binadamu: vyote vinahitaji mstari kwenye bajeti. Bajeti inapopunguzwa, mistari hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa kwa sababu haina magari wala bunduki ndani yake. Halafu kesi moja inatokea, mfadhili anasimamisha kila kitu, na kilichookolewa kinaonekana kidogo mbele ya kilichopotea.

Upande wa pili, walinzi wenyewe wanalipa kwa maisha yao. Virunga peke yake imepoteza zaidi ya walinzi 200 katika historia yake. Tarehe 24 Aprili 2020 karibu na Rumangabo, watu 17 waliuawa kwa siku moja, 12 kati yao wakiwa walinzi. Mjane wa mlinzi anayesubiri malipo miezi sita bila jibu anawaambia vijana wote wa kijiji mbuga ni mwajiri wa namna gani.

Jirani wa mbuga anapata nini?

Nchini Uganda, asilimia 20 ya pesa za kuingilia mbugani inarudi kwa wakaaji wanaopakana na mbuga. Rwanda inatoa asilimia 10 ya mapato ya utalii wa mbuga zake, baada ya kuongeza kutoka asilimia 5 mwaka 2017. Virunga, wakati watalii walipokuwa wakija, ilitenga asilimia 30 ya mapato yake ya utalii kwa miradi ya wakaaji.

Kundelungu haiwezi kuiga hivyo hivyo, kwa sababu asilimia 30 ya kidogo ni kidogo. Lakini kuna pesa nyingine zinazoweza kubaki kijijini, na hizo ziko mikononi mwa msimamizi wa shughuli: nani anaajiriwa kutengeneza barabara, nani anauza mahindi, samaki na mboga kwa kambi ya walinzi, nani anakata nyasi na kujenga. Familia inayouzia mbuga mahindi kila mwezi, na kulipwa siku iliyosemwa, ina sababu ya kutompokea jangili. Familia inayoona magari yakipita yamejaa bidhaa za Lubumbashi itaendelea kuchoma makala, kwa kuwa Lubumbashi ni mji mkubwa na mnunuzi wa makala halipi kwa miezi mitatu nyuma.

Shaba iko karibu

Swali gumu zaidi linahusu Katanga yenyewe. Haut-Katanga na Lualaba ndizo zinazobeba uchumi wa shaba na kobalti wa nchi. Sheria ya madini ya Machi 2018 inagawanya mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa maeneo ya utawala wa mitaa yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kila kampuni lazima itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa eneo lake.

Katika mgawanyo huo hakuna fungu lililotajwa kwa ajili ya mbuga. Mfuko wa vizazi vijavyo, kwa jina lake, unalenga siku ambayo madini yatakwisha. Siku hiyo maji ya Lufira, samaki, ardhi na wanyama ndivyo vitakavyobaki Katanga. Kuuliza kama sehemu ndogo ya mrabaha wa jimbo inaweza kulipa primu za walinzi wa Kundelungu ni jambo ambalo wabunge wa Lubumbashi wanaweza kulijadili bila kusubiri Washington wala Brussels.

Wapo watakaopinga, na hoja yao ina uzito. Shule hazina madawati, hospitali hazina dawa, barabara zimekufa. Kwa nini pesa za shaba ziende kwa pundamilia na swala? Tena pesa zilizopita mikononi mwa serikali hazikufika kila mara pale zilipotumwa. Mfadhili wa kigeni, pamoja na masharti yake mengi, angalau anauliza risiti.

Jibu haliko katika kuchagua mmoja kati ya wawili hao. Kongo tayari ina mfuko wa amana wa uhifadhi, Mfuko wa Okapi, ulioanzishwa kwa msaada wa wafadhili wakiwemo Benki ya Dunia na Ujerumani. Wazo la mfuko wa namna hiyo ni rahisi: mtaji unawekezwa, hautumiki, na faida yake ndiyo inayolipa gharama zisizokwepeka kila mwaka. Faida hiyo haitoshi kuendesha mbuga nzima. Lakini ikitosha kulipa walinzi na mazuti ya msimu, kubadilika kwa serikali ya nchi moja ya mbali hakutafunga kambi.

Mwaka 2025 Kinshasa ilitangaza pia Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hadi Kinshasa, wenye zaidi ya kilomita za mraba 500,000. Ni eneo kubwa sana kwa nchi ambayo mbuga zake za zamani bado zinahangaika kulipa primu. Kabla ya kuongeza ramani mpya, kuna mambo matatu ambayo wakaaji wa Lukafu wanaweza kuyapima wenyewe: kama walinzi wamelipwa mwezi huu, kama mazuti yamefika kabla ya mvua, na kama hesabu ya mwaka jana imesomwa mbele ya machifu na wakaaji kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha ripoti peke yake. La tatu ndilo lenye gharama ndogo kuliko yote: linahitaji ubao, mkutano wa nusu siku, na msimamizi asiyeogopa maswali.